Mwezi Aliousahau Thabit

Thabit bin Mahfoudh alikuwa mtu wa karatasi. Unguja, alipokuwa msimamizi wa ujenzi serikalini, wenziwe walikuwa wakimtania kwamba hawezi kuchemsha yai bila ya kwanza kuichora sufuria. Mwaka wa sitini na nne ukamtupa Kuwait, akakaa huko miaka sita akisimamia maghorofa ya watu wengine. Mwaka wa sabini, Omani ilipofungua milango na kuwaita watu wake, naye akafunga mizigo, akaja na mkewe Kheiria na binti yao Mahbuba, wakapanga nyumba Matrah, juu ya duka la vitambaa.

Hazikutimia hata wiki tatu, kazi ikamfuata mlangoni. Tajiri mmoja wa mji, Sheikh Marhoon, alikuwa ameanza kujenga zahanati ya sadaka kule Darsait, ng'ambo ya kilima. Ilianza mwaka uliopita, kuta zikafika magotini, zikagoma. Lilipoingia joto, mafundi wakaenda zao mashambani kwenye tende, kama ilivyo ada, na zahanati ikabakia uwanja wa mbuzi kurukaruka. Sasa joto limevunjika, watu wanarudi mmoja mmoja, mwaka mpya wa kazi unaanza, na Sheikh Marhoon alitaka msimamizi aliyesoma.

"Nataka imalizike mwisho wa Disemba," alisema. "Nimeshaalika wageni kutoka Bahrain."

"Inshallah," akajibu Thabit, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke Unguja akahisi vidole vinamwasha.

Alishinda siku tatu sakafuni kwake akitengeneza mpango. Aligandisha kurasa za kalenda kuukuu kwa uji wa unga wa ngano, zikawa waraka mmoja mrefu kama busati, akauchora miraba kwa wino wa rangi tatu: Oktoba kuta, Novemba paa la zege, Disemba rangi na milango. Kila siku na kazi yake, kila kazi na mtu wake. Kheiria alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akitazama mfuko wa unga uliobaki mtupu.

"Baba Mahbuba, unga wote umekwenda kwenye Novemba. Sisi tule nini?"

"Mama Mahbuba, mwaka ukianza vizuri unakwisha vizuri."

"Hayo sina ubishi nayo. Lakini umewauliza waliokuwapo mwaka jana walikwamia wapi?"

"Mafundi hawaulizwi," alisema Thabit bila ya kuinua kichwa. "Mafundi wanaelekezwa."

Kheiria alikuwa amekaa na mume huyo miaka kumi na mitano. Alijua wakati wa kusema na wakati wa kuacha dunia iseme. Akaenda zake kuazima unga kwa jirani.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, Thabit alifika Darsait na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Vibarua thelathini walikuwa wamekaa chini ya kibanda cha makuti ya mtende, na mbele yao mwashi mkuu, Ghanim, mzee mfupi mwenye viganja kama mbao. Ghanim alikuwa ameishi Pemba miaka kumi kwenye karafuu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinanukia Wete.

Thabit akauning'iniza mpango wake baina ya miti miwili, akasafisha koo, akaanza kuhutubu. Alikuwa ameandika kurasa saba kwa Kiarabu. Lakini Kiarabu alichokijua sawasawa kilikuwa kile cha chuo cha Kurani, cha vitabu na irabu zake zote, na kila alivyozidi kusema ndivyo sauti yake ilivyozidi kupanda na kushuka kama ya mtu aliye juu ya mimbari. Alizungumzia nidhamu. Alizungumzia wakati. Alizungumzia mataifa yaliyoendelea. Vibarua walitulia tuli, vichwa wameinamisha, hakuna hata aliyekohoa, na Thabit akajiambia moyoni: naam, wameshika.

Alipomaliza, watu thelathini wakainua mikono kwa pamoja.

"Amin!"

Wakajipangusa nyuso, wakainuka, wakaenda kunywa kahawa.

Thabit alibaki na kurasa zake mkononi. Hajajua acheke au alie, akasikia nyuma yake kitu kinachanika. Mbuzi jike mweupe, mwenye ndevu za hekima, alikuwa amesimama kwa miguu miwili mbele ya ule waraka, na ule uji wa ngano ulikuwa umemkolea. Alianza na Disemba. Thabit alipomfikia, kanzu kaikunja mpaka magotini, kilemba kimeegemea sikio, mbuzi alikuwa amekwisha maliza milango na rangi na anatafuna paa la zege.

"Mshikeni! Mshikeni, jamani!"

Walimzunguka, mbuzi akaruka ukuta mmoja, akaruka wa pili, akasimama juu ya kilima na kipande cha Novemba kinaning'inia mdomoni. Thabit akakaa juu ya mfuko wa saruji. Siku tatu za kazi zilikuwa zimeingia tumboni mwa mnyama.

Ghanim akamletea kikombe cha kahawa, akakaa kando yake.

"Usihuzunike, sheikh. Alichokula hakina hasara."

"Vipi hakina hasara? Ule ndio mpango wote!"

"Nimeutazama wakati ule unahutubu. Nimeitafuta Ramadhani, sikuiona."

Thabit akaanza kuhesabu kwa vidole. Juzi mwezi wa Shaaban umeandama. Basi Ramadhani inaingia Oktoba ikitoka, na inaimeza Novemba yote. Na yeye, mtoto wa Kiislamu, aliyefunga tangu ana miaka tisa, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba zege la paa litamwagwa tarehe kumi Novemba, alfajiri mpaka magharibi bila ya kupumzika. Watu thelathini wenye saumu, juani, karai kichwani.

"Kwa nini hukunambia?"

"Nikukatize?" Ghanim alishangaa kwelikweli. "Khatibu hakatizwi, bwana. Dhambi."

Thabit akamtazama usoni, akaona ndevu zinamtetemeka. Ghanim ndiye aliyeanza kucheka, kisha walio karibu, kisha walio mbali wasiojua kinachochekwa, na mwisho Thabit mwenyewe, mpaka kahawa ikammwagikia kwenye ile kanzu ya pasi.

Kicheko hakijesha, wakafika punda wanne wamebeba madebe ya maji, na nyuma yao mwanamke mrefu na fimbo yake. Huyu alikuwa Nasriya, mjane wa kijiji cha Ruwi, ndiye mleta maji wa zahanati tangu jiwe la kwanza. Jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Thabit alikumbuka kwamba yeye ni msimamizi. Akainuka. "Bibi, umechelewa. Maji ya kuchanganyia saruji yanatakiwa asubuhi."

Nasriya akajibu kwa Kiarabu cha Ruwi, cha haraka kama mtama unaomwagika, fimbo inaonesha mbingu, inaonesha kilima, inamwonesha Thabit. Maneno yalichukua muda mrefu. Ghanim akatafsiri:

"Anasema karibu Omani."

Thabit hakuwa mjinga; alikuwa ameshika neno moja moja, na miongoni mwake yalikuwamo "kichwa" na "punda". Siku nyingine angekasirika. Lakini mtu aliyeliwa mpango wake na mbuzi mbele ya watu thelathini hana tena heshima ya kuihofia, na hilo, aligundua, linampa mtu wepesi wa ajabu. Akaketi chini, akamwashiria Nasriya naye akae, akamimina kahawa kwa mkono wake.

"Nifahamishe, dada yangu. Mwaka jana kazi ilikwama wapi?"

Nasriya akailaza fimbo chini. Kisha akamwuliza Ghanim kitu kwa sauti ya chini.

"Anauliza," alisema Ghanim, na safari hii hakupunguza wala hakuongeza, "kama unataka kujua kweli, au unahutubu."

"Nnataka kujua."

Basi akaambiwa, Ghanim akitafsiri. Kisima cha Ruwi asubuhi ni zamu ya wenye mashamba; mpaka mitende yao ishibe, hapati mtu hata kata. Nasriya hupata zamu yake jua likishakuwa kali, na tangu kisimani mpaka Darsait punda hawaruki. Kwa hivyo mwaka jana waashi walikaa kila siku wakisubiri maji; maji yakifika, adhuhuri ishaingia; saruji wakaichanganya mbio mbio kwa maji haba, kuta zikapasuka, zikavunjwa, zikaanzwa upya. Alasiri kisima ni kitupu, mtu anaweza kuchota atakavyo, lakini alasiri hapa hapana pa kuyatia maji yakalala.

"Na hilo hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?" alisema Nasriya. "Kila mmoja alinambia nimechelewa."

Thabit aliyasikia tena maneno ya mkewe mlangoni, akayasikia na ya kwake, na ya kwake hayakumpendeza. Akamgeukia Ghanim. "Tukijenga hodhi kwanza, siku ngapi?"

"Siku tano. Sita, wakiwa wanacheka namna hii."

Siku ya nne, gari ya Sheikh Marhoon ikaja inarusha vumbi. Tajiri akashuka, akazitazama kuta: ziko magotini vilevile. Akatazama kando: watu thelathini wamelizunguka shimo la mraba, wanalipaka lipu.

"Thabit! Nimekuweka unijengee zahanati, wewe unanijengea josho la mbuzi?"

Thabit alikuwa na kodi ya nyumba na mtoto wa kusomesha, na katika mji huu hajui mtu. Lakini alikuwa ameyafikiria maneno yake, na hayakufika kurasa saba.

"Sheikh, hapa hapana maji asubuhi. Pasipo hodhi, utajenga kuta hizi kila mwaka. Na Disemba haiwezekani. Nilikwambia inshallah kabla ya kuhesabu. Ramadhani iko katikati. Kosa langu, si la mafundi."

Hata punda walisimamisha masikio.

"Nimealika watu!" alisema Sheikh Marhoon. "Nitawaambia nini?"

Kabla Thabit hajajibu, Nasriya akasema kutoka nyuma ya madebe yake, "Waambie waje baada ya Idi kubwa. Watakula nyama."

Ghanim alitazama chini. Vibarua walitazama chini. Sheikh Marhoon alimgeukia yule mwanamke, akamtazama, akayatazama madebe, akalitazama hodhi. Midomo yake ikacheza.

"Mwezi wa Mfunguo Tatu, basi," alisema. "Na isipitilize hata siku moja, Thabit."

"Labda siku kumi," alisema Thabit, maana alikuwa ameshaonja ladha ya kusema kweli. Tajiri akaingia garini akitikisa kichwa, lakini hakusema hapana.

Hodhi lilijaa alasiri ya Alkhamisi. Jumamosi, jua halijachomoza vizuri, waashi walikuta maji yamelala yanawangoja, na kufikia wiki ya mwisho ya Shaaban kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha. Ramadhani walifanya kazi baada ya sala ya alfajiri mpaka jua linapoanza kuuma, kisha kila mtu akaenda kwake kulala. Idi ikapita. Siku ya tano ya mwezi wa Mfunguo Mosi wakamwaga zege la paa, alfajiri mpaka magharibi, kila mtu na tumbo lake limeshiba, na Kheiria akaleta masinia mawili ya sambusa. Nasriya alisimama chini akihesabu madebe kwa sauti, na Thabit alisimama juu kabisa, kanzu kaifunga kiunoni, akipokea makarai kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu kibarua mmoja alikuwa na homa.

Alirudi Matrah ana saruji mpaka kwenye nyusi. Akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake, akavua viatu, akashindwa kuinuka. Kheiria akamletea beseni la maji, akakaa kidato cha chini yake, akaanza kumwosha mikono.

"Mama Mahbuba," alisema Thabit, "mafundi wanaulizwa."