Firigisi ya Mzee Wepukhulu

Jumamosi, tarehe 12 Januari 2002. Asubuhi hiyo Kitale ilikuwa na baridi kali na umande ulikuwa mzito juu ya majani ya sukuma wiki. Baadaye jua lilitoka kwa nguvu, upepo mkavu wa kiangazi ukaanza kupeperusha vumbi la barabara ya Matisi hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

Wangui, ambaye mtaani wote walimwita Mama Kui, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda chake tangu kukiwa bado giza. Aliomba jambo moja tu, kwamba siku hiyo ipite bila aibu. Wakwe zake walikuwa wakitoka Sirisia, upande wa Bungoma, kuja nyumbani kwake kwa mara ya kwanza tangu binti yake Kui aolewe na Mukhwana.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Agosti iliyopita, yeye na ndugu yake Gichuki walipokwenda Sirisia, mama yake Mukhwana, Wilkista, aliwachinjia jogoo. Firigisi ililetwa katika sahani yake yenyewe na kuwekwa mbele ya Gichuki. Gichuki aliitafuna huku akizungumzia bei ya mbolea, bila kujua alichopewa. Ni Kui aliyewaeleza baadaye. Kwa watu wa mume wake firigisi, ambayo wao huiita imondo, ni ya mgeni mwanamume aliye mkubwa kuliko wote. Asipoiona atakula na kushiba, lakini ataondoka akijua hakuheshimiwa. Wangui aliposikia hivyo alijiambia kwamba siku yao ikifika, heshima hiyo atairudisha nzima.

Kwa hiyo siku ilipofika kila kitu kilikuwa kimepangwa. Kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na blanketi la vipande ambalo kikundi chake cha maombi kilikuwa kikilishona tangu Novemba: vipande vya leso za zamani, vya mashati ya marehemu mume wake, vya sare za shule ambazo Kui alizivaa akiwa mdogo. Lilibaki pindo la mwisho tu. Kando ya ukuta, katika kikapu cha masalio ya vitambaa, alilala paka wake Sista pamoja na watoto wake. Aliitwa Sista kwa sababu alikuwa mweusi mwili mzima mwenye kola nyeupe shingoni, kama mtawa.

Jerono alifika mapema kumsaidia kazi. Jerono aliishi Kipsongo, mtaa wa mabanda, na kufulia watu nguo. Alijuana na Wangui kwenye ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima katika ukumbi wa kanisa, ambako walikalia benchi moja. Mmoja akisahau herufi, mwenzake alimwandikia kwa kidole juu ya goti ili mwalimu asione.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Walichuma mboga za managu na sukuma bustanini, wakainywesha miche ya vitunguu kwa maji ya kisima kabla jua halijawa kali. Jerono alimnyonyoa jogoo na kumkata. Wangui aliponda mukimo wa viazi na mahindi. Kisha wakaketi sakafuni na Kui, aliyewatangulia wakwe zake tangu jana, kumalizia pindo la blanketi, na Jerono akawachekesha kwa kumwigiza mwalimu wao anavyovua miwani akitaka kugomba. Kui alikusanya vipande vidogo visivyofaa kitu, vingine si vikubwa kuliko kiganja, akampa Jerono akamshonee mtoto wake. Wangui hakuliona hilo. Alikuwa amekwenda kuonja mchuzi.

Wageni walifika saa saba. Wilkista alitangulia, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, akifuatwa na shemeji yake Mzee Wepukhulu, aliyekuja kwa niaba ya marehemu kaka yake. Mukhwana alikuja nao lakini hakuingia. Kwao mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hamwangalii akila, wala hapeani naye mkono. Alimsalimia kwa mbali, macho yakiwa chini, akaenda kuketi kwenye kigoda bustanini, karibu na mlango wa jikoni. Wangui alimheshimu kwa hilo, naye akapita upande mwingine kila alipotoka.

Firigisi alikuwa ameitoa mwenyewe kwenye sufuria, akaiweka katika sahani ndogo yenye mchuzi kidogo, akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokidarizi ukingoni. Aliiacha kwenye benchi la jikoni akaenda kuwanawisha wageni mikono. Alipokuwa tayari alimwita Jerono alete chakula. Jerono alileta ugali wa wimbi, akaleta mukimo na mboga na bakuli la kuku, na mwisho akaileta ile sahani ndogo kwa mikono miwili, kama alivyoagizwa, akaiweka mbele ya Mzee Wepukhulu.

Wangui aliomba baraka ya chakula. Aliomba kwa muda mrefu. Kisha akainama mwenyewe akafunua kitambaa.

Kulikuwa na mchuzi tu.

Mzee Wepukhulu aliitazama ile sahani, akaitazama tena, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejaribu kumsaidia mwenziwe.

"Labda kuku wa Kitale hawana imondo," akasema. "Wanakula mahindi laini sana huku."

Wilkista hakucheka. Aliweka mikono yake juu ya magoti na kuangalia ukutani, na kimya chake kilimchoma Wangui kuliko ule mzaha. Alimwita Jerono, naye akaja akijifuta mikono. Wangui akamuuliza iliyokuwa kwenye sahani iko wapi.

"Mimi nimeibeba vile niliikuta, Mama Kui," akasema Jerono. "Kitambaa kilikuwa kimeenda upande, nikakinyoosha tu. Sikufunua."

"Nani mwingine alikuwa jikoni?"

"Nilitoka kuteka maji."

"Leta mkoba wako."

Jerono alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Hakusogea. Wangui, huku moyo ukimwambia aache na miguu ikiendelea, alikwenda jikoni, akautoa ule mkoba kwenye msumari, akarudi nao sebuleni na kuumwaga sakafuni mbele ya wageni. Kilianguka kipande cha sabuni. Ikaanguka penseli, na ukoko wa ugali uliofungwa kwa karatasi ya nailoni. Halafu vikaanguka vile vitambaa, vyekundu na bluu, vikatawanyika hadi miguuni mwa Mzee Wepukhulu.

"Hata vitambaa," akasema Wangui.

Kui alikuwa amesimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa kuwa mama mkwe wake alikuwapo. "Mami, hivyo vitambaa ni mimi nimempa. Vilikuwa vya kutupa."

Wangui alisikia. Angeweza kusema pole wakati huo na ingetosha, au ingekaribia kutosha. Lakini firigisi ilikuwa bado haijaonekana na wageni walikuwa wakimtazama, naye akanyamaza. Jerono alipiga magoti akaokota vitu vyake kimoja kimoja. Hakulia. Alipomaliza alisimama akampa mkono Wilkista, akampa mkono mzee, akamgeukia Wangui.

"Jumatatu kwa ngumbaru benchi lote litakuwa lako," akasema, akatoka.

Walikula. Mzee alisifu managu, Wilkista akaulizia miche ya vitunguu, na Wangui akajibu. Alijiambia kwamba alichofanya mwenye nyumba yeyote angefanya. Alijiambia kwamba vitu haviendi vyenyewe. Alijaribu kuomba kimoyomoyo, akakuta anamweleza Mungu habari za Kipsongo, jinsi watu wa huko walivyo, akaacha kwa kuwa hata yeye mwenyewe aliona haya.

Kui alipeleka chakula cha Mukhwana bustanini. Alirudi amebadilika uso, akamwomba mama yake aje chumba cha nyuma mara moja. Huko alimweleza kwa kunong'ona. Mukhwana alikuwa amemwona paka akitoka jikoni na kitu mdomoni na kuingia kupitia dirisha la chumba hiki. Alidhani ni panya. Baadaye aliposikia sauti zimepanda sebuleni aliinuka, lakini angeingia vipi mbele ya mama mkwe wake, tena wakati wa chakula? Aliketi tena. Alipomwona Jerono akipita na mkoba kifuani, bado hakujua kosa lake ni nini, mpaka Kui alipomwambia.

Kui aliinama akafunua kikapu. Sista aliinua kichwa na kufumba macho. Katikati ya watoto wake, juu ya kipande cha leso, kulikuwa na nusu ya firigisi, ngumu na yenye alama za meno.

Wangui aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Kitu cha kwanza alichohisi, na hicho ndicho kilichomtisha baadaye, kilikuwa nafuu. Ilikuwa imejulikana ilikokwenda, na walioijua walikuwa watoto wake mwenyewe.

"Funika," akasema. "Wageni wakishaenda nitamtafuta Jerono, tutaongea polepole sisi wawili."

Kui hakubisha. Alifunika kikapu kama alivyoambiwa, lakini aliepuka macho ya mama yake, na Wangui akajua binti yake anamwonea haya. Hakuwahi kuonewa haya na Kui, hata miaka ile alipokuwa akitia kidole gumba kwenye wino ili kuweka sahihi kwenye karatasi za shule.

Wakaleta blanketi. Kui akashika ncha moja, Wilkista akashika nyingine, wakalikunjua sebuleni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Wilkista akatabasamu. Alipitisha kiganja juu ya vile vipande, akauliza kila kimoja kilitoka wapi. Mzee Wepukhulu akavua kofia. Akasema zawadi kama hii haipokelewi hivi hivi, na kwa kuwa amesikia Mama Kui ni mtu wa maombi, basi aiombee kabla haijavuka kwenda Sirisia.

Wote wakainamisha vichwa. Wangui akafumba macho, akasema, "Baba yetu," na asipate neno la kufuata. Alijaribu tena. Kila alipofumba macho aliona kile kipande cha sabuni sakafuni, kimetumika mpaka kimekuwa chembamba kama jani. Alifumbua macho, na pale chini ya kiti cha mzee akaona kitambaa kimoja cha bluu ambacho Jerono hakukiona wakati anaokota. Kilikuwa cha shati la mume wake.

"Siwezi kuomba," akasema.

Walidhani ni majonzi ya kumwoza binti. Wilkista akamshika bega. Lakini Wangui alijitoa, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kikapu akakiweka mezani pamoja na paka na watoto wake. Akafunua. Akawaeleza ni nani aliyemwona paka, na lini yeye mwenyewe alijua, na kwamba alikuwa amekusudia kunyamaza mpaka waondoke.

Mzee Wepukhulu aliitazama ile nusu ya firigisi. Hakufanya mzaha.

"Imondo ilikuwa yangu," akasema. "Huyo mama alimwagiwa mkoba kwa sababu ya heshima yangu. Si ni lazima niende kwake?"

"Wewe ni mgeni, baba. Hii ni aibu ya nyumba yangu."

"Na sisi ni wakwe. Aibu yako tumeshaikalia mezani."

Wakatoka kwa miguu kuelekea Kipsongo, jua la alasiri likiwapiga usoni. Wangui alitembea mbele na kile kitambaa cha bluu mkononi. Wilkista, Kui na mzee walimfuata, na nyuma kabisa, akiacha nafasi ya heshima, alikuja Mukhwana. Watu walisimama kando ya njia kuwatazama, na mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ati kumetokea msiba kwa nani.

Jerono alikuwa nje ya nyumba yake akisuuza nguo za watu kwenye beseni, majirani wawili wameketi naye wakichambua mboga. Aliwaona wakija akaendelea kusuuza. Wangui alipofika alisimama mbele ya lile beseni. Alisema ni paka aliyechukua. Alisema vitambaa vilikuwa halali yake. Akasema alijua ukweli kabla ya kula kwisha na bado alitaka kuuficha, akamwomba msamaha, akamnyooshea kile kitambaa.

Jerono alikipokea kwa mkono wenye povu, akakiweka begani.

"Nimesikia," akasema. "Nitakusamehe, kwa sababu na mimi ninaomba kama wewe. Lakini leo ni paka. Siku ingine kitu ikipotea kwako, na mimi niko jikoni, utaanzia wapi?"

Majirani waliacha mboga. Wangui aliwageukia wakwe zake, akawaona wanangoja, hata Mukhwana kule nyuma, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ameinua uso. Akarudi kumtazama Jerono.

"Mbele za Mungu," akasema kwa sauti ambayo hata waliosimama njiani waliisikia, "na mbele ya wakwe zangu, na mbele ya hawa majirani zako: kitu kikipotea nyumbani kwangu tena, mkoba wa kwanza kumwagwa utakuwa wangu, na wewe Jerono ndiye utakayeumwaga."