Wasifu wa Kipketer, Umesahihishwa

Kabla hata ya kumpa pole, Mwalimu Elphas Kosgei alimpokonya Chelagat karatasi na kuanza kutafuta makosa. Alijua yapo. Kipketer, kaka yake mkubwa, alikuwa amefariki Jumapili kule Longonot, na huyu bintiye, fundi cherehani, ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu. Tena kwa Kiingereza, maana siku hizi hata mtu aliyefanya kibarua cha reli maisha yake yote hazikwi bila Kiingereza.

"Keti," alimwambia, kalamu nyekundu ikiwa tayari mkononi.

Mtaa mzima wa Rhonda uliijua kalamu hiyo. Tangu astaafu, watu walimletea barua za kuomba kazi, kadi za harusi na wasifu wa wafu wao awasahihishie. Aliwasahihishia, na walipotoka mlangoni aliwacheka. Aliona amezungukwa na mbumbumbu, na hakulificha hilo.

Ukoo ulikuwa umemchagua kusoma wasifu siku ya mazishi. Angechaguliwa nani mwingine? Suti alikuwa ameshaipiga pasi. Hamu yake ilikuwa moja tu: watu wa Longonot wamsikie, wajue kwamba nyumba iliyomzaa Kipketer ilizaa pia mtu.

"'A man who gladly would share his food,'" alisoma akikunja pua. "Hii ni nini?"

"Ni vile alikuwa anagawa chakula, anko."

"Sijakuuliza alikuwa anagawa nini. Nakuuliza *gladly* inafanya nini hapo mbele. Ukishasema *who*, ukaweka *would*, hiyo *gladly* inaingia katikati, kabla ya *share*. *Who would gladly share.* Mtoto wa darasa la sita anajua."

Chelagat aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini Mwalimu alikuwa amekwisha kurudi kwenye karatasi.

Hakushangaa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na Kiingereza cha Kipketer kilikuwa aibu tupu. Kila Jumapili alikuwa akimpigia simu mdogo wake na kumsalimu kwa Kiingereza, kwa kumheshimu, na kila Jumapili Mwalimu alimkatiza na kumsahihisha kabla salamu haijaisha. Hata baada ya kiharusi kumpinda mdomo na kumlaza kitandani, Kipketer aliendelea kupiga. Maneno yalitoka yamepondekapondeka. "Panga sentensi kwanza, ndipo upige," Mwalimu alimwambia. Simu hazikuja tena, naye akafurahia utulivu wa Jumapili zake.

Karibu na mwisho wa ukurasa alikuta hii: *He had his own blood who never would come to see him.*

Mwalimu alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Aliwajua hao ndugu wa damu wasiokuja kumwona mgonjwa. Ni wale binamu zao wa Molo, wachuuzi wa viazi, watu wa kunywa na kusahau.

"Hapa umewatwanga vizuri," alisema. "Wale wa Molo hawana haya hata kidogo."

Chelagat alimtazama. "Nimeandika tu vile ilikuwa, anko."

"Lakini hata kumsema mtu kuna mpangilio wake." Akachora mshale mwekundu kutoka kwenye *never* na kuupitisha juu ya *would*. "*Who would never come.* Unasikia? Sasa inachoma."

"Niache hivyo?"

"Acha hivyo. Na mtu yeyote asiiguse."

Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na Mwalimu aliulamba siku zote zilizobaki kabla ya mazishi. Hata ndani ya gari la kwenda Longonot alikuwa akiisema sentensi hiyo polepole, akichagua mahali pa kupumua.

Mazishini upepo ulikuwa ukivuta maturubai na vumbi likitua juu ya suti. Vijitabu vyenye picha ya Kipketer viligawiwa. Waithaka, jirani wa marehemu na mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa akitafsiri kwa Kiswahili. Kabla ya wasifu, Waithaka aliwaomba watu wa Molo wasimame.

"Hawa ndio walikuwa wanakuja kila mwezi," alisema. "Wanamuosha, wanamgeuza kitandani, wanamletea viazi. Mungu awabariki."

Mwalimu hakuwa akisikiliza. Alikuwa akipekua kijitabu, akihakikisha mpiga chapa hajaharibu kazi yake.

Alisoma vizuri, hilo halina ubishi. Aliposema *who would gladly share*, Waithaka akatafsiri kwamba marehemu aligawa chakula chake kwa furaha, na wazee wakaitikia, ni kweli. Sauti ya Mwalimu ikapanda. Alipofika kwenye sentensi yake aliitamka kama alivyojizoeza, neno kwa neno, kisha akainua macho kuona vichwa vikiwageukia watu wa Molo.

Vichwa vilimgeukia yeye.

Waithaka aliisoma tena sentensi kijitabuni. Aliangalia chini, akakohoa, ndipo akasema, "Alikuwa na damu yake mwenyewe ambayo haingekuja kamwe kumwona."

Akili ya Mwalimu ilikimbia huku na huko kutafuta ndugu mwingine, na ndugu mwingine hakuwepo. Wale wa Molo walikuwa wameketi pale mbele na waliofiwa, mmoja wao ameishika fimbo ya Kipketer, na walikuwa wakimtazama bila hasira. Aliona haya, haya ya kweli.

"Huku nyuma hatujasikia," mama mmoja alisema kutoka kwenye hema la mwisho.

"Mwalimu," Waithaka alisema taratibu, "wanaomba urudie."

Angeweza kuiruka. Lakini vijitabu vilikuwa mikononi mwa watu, na maneno yalikuwa yamekaa kama alivyoagiza yakae. Akarudia. Chelagat alikuwa akifuata kwa kidole kijitabuni, na alipofika kwenye *never* akainua macho, akangoja Mwalimu amalize.