Mkono Aliokalia Bobini

Fundi alipata bahati moja tu maishani mwake, na bahati hiyo alikaa nayo benchi moja. Yeye upande wa kulia, mkewe upande wa kushoto, mbele yao meza ya kukatia nguo, na mlango wa kibanda chao ukitazama barabara. Mkewe alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na watu wakamwita Mashoto mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye cheti tu. Fundi akichora chaki kwa kulia, Mashoto akikata kwa kushoto, viwiko vyao vilielekea nje, kila kimoja na upande wake, wala havikuwahi kugombana. Wateja waliwatania kwamba hawa wawili walipimwa kwa futi moja. Fundi alikuwa akijibu, "Mwenye wivu ajinyonge," na Mashoto akicheka huku mkasi ukiendelea kula kitambaa.

Mkasi wenyewe ulikuwa wa aina yake. Mikasi tunayoijua imetengenezwa kwa mkono wa kulia, na mashoto akiishika, kitambaa hukunjamana katikati ya makali badala ya kukatika. Mashoto aliusaka wake kwa muda mrefu mpaka akaupata, mkasi ambao makali yake yamepandana kinyume. Hakuna mwingine aliyeuweza. Fundi aliujaribu mara moja, akaitafuna suruali ya mteja, na tangu siku hiyo akauheshimu.

Kisha Mashoto akaugua, akafa. Hakuna haja ya kuzungusha maneno, maana kifo chenyewe hakikuzunguka: homa, hospitali, basi. Binti yao ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Siku za msiba kila aliyembeba alimwambia mama amesafiri, na fundi, ambaye hakuwa na nguvu hata za kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, aliliacha neno hilo lipite. Likapita, likaingia ndani, likakaa.

Mtoto walimwita Bobini, kwa jina la kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa tumboni mwa cherehani, kwa sababu hakujua kutulia. Sura alichukua ya baba yake nzima nzima, masikio yakiwemo. "Huyu hata ukitaka kumkana huwezi," wateja walisema, na wao walidhani wanamsifu. Fundi aliumia kila aliposikia hivyo. Kila asubuhi alipomwosha uso mwanawe alimtafuta Mashoto humo, kwenye nyusi, kwenye kidevu, kwenye namna ya kucheka, asimwone. Aliyekufa hakuacha hata kope.

Mpaka siku moja kifungo chekundu kilipoanguka sakafuni, na Bobini, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, akainama akakiokota kwa mkono wa kushoto.

Fundi alisimamisha cherehani. Akamnyanyua mtoto juu karibu agonge bati. "Huo ndio mkono wa mama yako!" alisema. "Umeuona? Huo ni mkono wa mama!" Bobini alicheka kwa sababu baba yake alikuwa anacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku katika nyumba ile.

Basi kuanzia hapo fundi akawa mtu wa kuvizia. Kikombe alikiweka upande wa kushoto wa mtoto. Kijiko alimpa kushotoni. Chaki ya kuchezea vilevile. Mtoto akitumia kushoto, sifa na vigelegele. Akitumia kulia, kimya. Hakumpiga wala hakumkaripia, hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Lakini mtoto mdogo anakijua kimya cha mzazi wake kuliko anavyoijua fimbo.

Huko kliniki ya watoto nesi alimwona fundi akimhamishia Bobini pipi kutoka mkono huu kwenda ule.

"Baba, mbona unamhangaisha?"

"Namsaidia. Ni mashoto huyu, kama mama yake."

Nesi alimwekea Bobini kopo mbele yake, katikati kabisa. Bobini akamtazama baba yake kwanza, halafu akalichukua kwa kushoto. Nesi akatikisa kichwa polepole.

"Watoto wengi wanaanza kuonyesha mkono wao kati ya miaka miwili na minne," alisema. "Wengine leo huu, kesho ule, mpaka wanatulia. Mashoto usimlazimishe kulia, na wa kulia usimlazimishe kushoto. Mwache achague mwenyewe."

Katika maneno yote hayo fundi aliondoka na moja tu, kwamba mtoto bado hajatulia. Kama hajatulia, aliwaza njiani, basi samaki mkunje angali mbichi.

Aliyemwona anavyopotea ni shemeji yake, mdogo wake Mashoto, msusi wa kibanda cha jirani. Huyu alikuwa na ulimi kama kitana cha chuma, lakini ndiye aliyewapikia, ndiye aliyemfunga Bobini nywele, ndiye aliyekuwa akiugua homa za mtoto kuliko mtoto mwenyewe.

"Shemeji," alimwambia siku moja akiwa amemshika mteja kichwa, "mimi nasuka kwa mikono yote miwili. Sasa na mimi ni nusu dada yangu?"

"Usinitanie kwa hilo."

"Sikutanii. Nakuuliza."

Fundi akapandisha sauti ya cherehani. Ndivyo alivyokuwa akijibu maswali asiyoyataka.

Halafu likaja lile la mkasi. Jioni moja, kazi zimekwisha, fundi aliutoa mkasi wa Mashoto kwenye msumari wake ukutani. Kila wiki aliupaka mafuta ya cherehani usije ukashika kutu, ijapokuwa hakuna wa kuutumia. Alimpakata Bobini, akamtia vidole vya kushoto kwenye vishikio, akaufunika mkono mdogo kwa mkono wake, wakakata pamoja kipande cha kitambaa kilichobaki. Mkasi ukakata. Ile sauti yake nzito, kra, kra, ikajaa kibandani, sauti ambayo fundi hakuwa ameisikia tangu msiba. Machozi yakamtoka huku anacheka.

Bobini aligeuza shingo akamtazama. "Mama amesikia?"

Mtu mwenye akili zake angejibu vingine. Fundi alisema, "Amesikia, mwanangu."

Hilo ndilo kosa lake, wala si kubwa zaidi ya hapo. Neno moja, kwa mtoto aliyeambiwa mama yuko safarini.

Baada ya siku ile Bobini alibadilika. Aliacha kuzunguka. Alikaa kwenye benchi upande wa kushoto, mahali pa mama yake, ametulia kama mgeni, akila kwa kushoto, akichora kwa kushoto, uji ukimmwagikia kifuani, mistari yake ikienda kombo. Hakulalamika. Fundi aliwaambia wateja kwamba mtoto ametulia sasa, maji yamefuata mkondo. Usiku alilala usingizi alioukosa kwa muda mrefu.

Mchana mmoja shemeji alileta wali na mchuzi, akawapakulia baba na mwana pale mezani, akasimama kuwatazama wakila. Bobini alikuwa anahangaika na kijiko. Punje tatu zilifika mdomoni, kumi zikaanguka mapajani. Na mkono wake wa pili haukuonekana.

"Umeficha nini huko, we mjanja?" shemeji aliuliza kwa utani. "Pipi? Simama tuone."

Bobini hakutaka kusimama. Mama yake mdogo akamtekenya, akamnyanyua kwapani, na chini yake hapakuwa na pipi. Palikuwa na mkono wake wa kulia. Alikuwa ameukalia. Benchi lilitandikwa kitambaa kinene chenye matuta, na matuta yale yalikuwa yamejichora kiganjani mwake, mekundu, toka vidoleni hadi kifundoni. Mkono ulikuwa umekufa ganzi hata hakuweza kuufumba.

Shemeji aliacha utani. Alipiga magoti akaanza kuusugua ule mkono.

"Nani kakwambia uukalie mkono wako?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Unatoka wenyewe," Bobini alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. "Unachukua vitu. Huu haumleti mama."

Kijiko cha fundi kilibaki hewani.

"Mama anakuja na huu," mtoto aliendelea, akiinua wa kushoto, una mchuzi mpaka kwenye kiwiko. Akamgeukia baba yake. "Baba, nimeutumia wote. Mama anarudi lini?"

Barabarani mtu alikuwa anapiga honi, anapiga tu, kama vile dunia haina adabu. Shemeji alimtazama fundi. Fundi alisubiri lile kemeo, alijua analistahili, hata alilitamani. Halikuja.

"Tulimwambia sote," shemeji alisema, machozi yanamshuka. "Mimi wa kwanza. Nilimbeba siku ile nikamwambia amesafiri. Lakini wewe ndiye baba yake. Mkono mmoja haulei mwana, sawa, nitakusaidia kwa yote. Hili siwezi kukusaidia."

Akatoka akasimama mlangoni, mgongo wake kwao, akimzuia mteja yeyote asiingie.

Fundi alimweka mtoto juu ya meza, kati ya chaki na vitambaa, wakatazamana. Uso ule ulikuwa wake mwenyewe, wa fundi, na masikio yale. Aliuchukua mkono wa kulia akaendelea kuusugua pale shemeji alipoachia. Hakujua neno la kuanzia. Neno kufa alikuwa hajalitamka hata siku moja, kwa mtu yeyote. Wateja wakiuliza alikuwa akisema "hayupo", na neno hilo lina mlango nyuma yake, kwa sababu asiyekuwepo anaweza kuja.

"Mama hakusafiri," alisema. "Tulikudanganya. Baba alikudanganya."

"Yuko wapi?"

"Mama alikufa."

Bobini alifikiri. "Kama yule ndege tuliyemkuta mlangoni?"

"Kama yule ndege."

"Yule hakuamka."

"Hakuamka. Na mama hataamka. Hatarudi, mwanangu. Hata ukiutumia huu mkono mpaka uwe mkubwa, hatarudi. Si kosa lako. Ulifanya vizuri sana. Hatarudi tu."

Ile siku ya mazishi, ndani ya shati alilofungiwa vifungo na wengine, alikuwa amesimama wima, akashukuru watu, watu wakasema fundi ana moyo. Uongo. Alikuwa hajazika kitu. Alimzika Mashoto mchana huu, mezani pao, kwa maneno aliyoyasema kwa sauti ya chini ili yasifike barabarani, na hapakuwa na mtu wa kumshika mabega. Alilia wazi, mdomo wazi, mbele ya mwanawe.

Bobini hakulia. Labda lilikuwa bado linamwingia, au labda alichoka kuutazama mlango. Alijitazama mikono, akainua wa kushoto.

"Huu wa mama?"

"Hapana. Nilikosea."

Akainua wa kulia, ule wenye matuta, akawa anajaribu kuukunja vidole kimoja kimoja.

"Na huu wa nani?"

"Wako," fundi alisema. "Yote miwili yako."

Wali ulikuwa umepoa. Alimrudisha mtoto kwenye benchi, upande ule ule wa kushoto, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, naye akakaa pake. Kijiko alikiweka katikati ya sahani, mpini umeelekea mbele, akauondoa mkono wake. Bobini alimtazama. Fundi akageuza macho akayaelekeza ukutani, kwenye ule msumari, ili mtoto asisome kitu usoni kwake.

Alisikia kijiko kikiokotwa. Kisha akahisi kiwiko kidogo, cha mkono wa kulia, kikimgonga ubavuni. Kikamgonga tena, na tena, kila tonge, na wali uliokuwa kwenye kijiko chake fundi ukamwagika mezani. Kwenye benchi lile hakuwahi kugongwa kiwiko hata mara moja. Hakusogea.