Uso wa Ijumaa

Duka lile la dawa lilikuwa na pande mbili. Upande wa kushoto waliuza vidonge, na watu walipanga foleni wakikohoa. Upande wa kulia waliuza krimu, poda na rangi za midomo, na huko hakuna aliyekohoa. Msusi alikuwa ameshamaliza foleni ya kushoto, dawa za maumivu za mama mkwe wake zikiwa ndani ya mfuko wa karatasi, na sasa alisimama upande wa kulia ameduwaa. Yeye kazi yake ilikuwa vichwa. Mletee kichwa chochote, chenye nywele ngumu, chenye mba, chenye kelele, atakisuka mpaka kitulie. Nyuso hakuzijua. Wake mwenyewe aliunawa asubuhi, akaupaka mafuta ya mgando, basi.

"Unatafuta ya kwako?" aliuliza muuzaji, dada mmoja aliyejichora nyusi za juu kama mtu aliyepewa habari mbaya.

"Ya mama mkwe."

"Heh! Siku hizi kumbe wakwe wanapendana."

"Nataka aonekane mzima," alisema Msusi. "Si mrembo. Mzima. Na iwe ya bei ya chini."

Muuzaji akaacha utani. Aliushika mkono wa Msusi, akaugeuza, akamchora michirizi ya fondesheni karibu na kiganja, pale ngozi ilipo laini. "Usitazame hapa, hizi taa zinadanganya. Toka mlangoni ukatazame kwenye jua. Ule mchirizi utakaokosa kuuona, ndio huo." Msusi akatoka, akatazama. Ngozi yake na ya mama mkwe zilikuwa za rangi moja, jambo ambalo mama mkwe hakuwahi kulikubali.

Mama mkwe huyo mtaa mzima ulimwita Bi Sindano. Alikuwa fundi cherehani, ndiyo, lakini jina lilitokana zaidi na ulimi. Siku Msusi alipoletwa nyumbani kwake bi harusi, alimtazama toka juu hadi chini akasema, "Gauni limeshonwa vibaya. Aliyemo ndani tutamwona." Tangu hapo waliishi kwa heshima, na heshima katika nyumba ile maana yake ilikuwa umbali. Mke wa mwana aliamkia kutoka mlangoni, aliketi chini, na hakumgusa mama wa mumewe hata kwa bahati mbaya. Haikuwa chuki. Ndivyo Bi Sindano mwenyewe alivyoishi na mama mkwe wake, akaona ni vizuri.

Sasa ini lilikuwa limemgeuka. Daktari alieleza kwa maneno marefu, kisha kwa mafupi: hakuna cha kukata wala cha kuponya, ni kumpunguzia maumivu tu. Mashavu yaliingia ndani. Ngozi ilipauka kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Macho na viganja viligeuka manjano, manjano kweli kweli.

Alikuwa na watoto wawili. Wa kiume, mume wa Msusi, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Wa kike alikuwa ng'ambo akisomea uuguzi, na mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Bi Sindano alipotoka kwa daktari alitoa amri moja: binti asijue mpaka aweke kalamu chini.

"Akijua ataacha kila kitu apande ndege," alisema. "Sikupinda mgongo kwenye cherehani maisha yangu yote ili mwanangu aje kunishikia beseni."

"Mama akishasema, kasema," alisema dereva, kisha akapanda lori lake akaenda zake. Wanaume wengine Mungu kawajalia safari.

Shida ni kwamba binti alipiga simu ya video kila Ijumaa jioni, na muuguzi humdanganyi kwa kumwambia hujambo. Ndiyo sababu Msusi akawa pale dukani, na akarudi tena, na tena.

Kila kitu alijijaribishia yeye kwanza. Krimu ya kwanza ilimtoa vipele kidevu kizima, wateja wake wakamuuliza kama anatarajia mtoto. Poda ya kwanza ilikuwa nyeupe mno. Alipojitazama kwenye kioo aliona mtu aliyechungulia gunia la unga. Fondesheni moja ilikaa vizuri asubuhi, ikifika mchana inageuka majivu. Kulikuwa na losheni yenye harufu ya matunda iliyomwasha mpaka akalala na kitambaa kibichi usoni. Vyote hivyo vilibaki kwenye uso wake yeye. Kilichopita salama ndicho kilichovuka kwenda chumba cha pili.

Muuzaji wa nyusi ndiye aliyemfundisha siri ya macho yaliyozama: chukua rangi ya mdomo ya machungwa, ile ya bei rahisi isiyopendwa na mtu, pakaza chini ya jicho, funika kwa fondesheni. Weusi unapotea. Kwa manjano ya macho yenyewe hakukuwa na dawa, ila miwani ya kusomea yenye vioo vya kahawia iliyokuwa ikining'inia karibu na kaunta. Viganja vingekaa chini ya shali.

"Uso nakuazima," alisema Bi Sindano Ijumaa ya kwanza. "Uso tu. Kwingine uniachie heshima yangu." Kuogeshwa aliogeshwa na jirani, mjane wa rika lake.

Kwa hiyo Msusi aliazimwa uso. Alikishika kidevu kile kwa vidole viwili, akasikia mfupa. Alipaka taratibu, akipulizia pumzi pembeni asije akampumulia mkubwa wake. Bi Sindano mara alimfuatilia kwenye kioo cha mezani, mara alifumba macho akakosoa bila kuona, "Unabonyeza. Hilo si donge la unga." Lakini baada ya wiki chache alianza kuegemeza shavu kwenye kiganja cha Msusi, kidogo tu, kisha akijigutukia anajiondoa. Msusi alijifanya hajui. Aliipenda kazi ile, na aliona aibu kuipenda.

Na Msusi alikuwa ameiva katika kazi ile. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Simu ilipolia Ijumaa, aliyekuwa ameketi kitandani alikuwa mama wa makamo aliyetoka kulala mchana.

"Mama! Umenawiri jamani! Wifi anakupa nini huko?"

"Maji ya bomba na roho safi," alijibu Bi Sindano, na binti akacheka mpaka simu ikatikisika.

Kila baada ya simu Bi Sindano alijilaza kwenye mto, kisha akauliza jambo lile lile.

"Hajaona?"

"Hajaona, Mama."

"Haya. Vizuri."

Msusi alifikiri ni majivuno. Akazidi kujitahidi.

Kisha chakula kikakataa kukaa. Daktari alikuja nyumbani, akampima mgonjwa, akamvuta Msusi barazani. "Kama kuna mtoto wa mbali, aitwe," alisema. "Asiitwe kesho."

Msusi alikaa jikoni akiwa na simu mapajani. Mumewe alikuwa njiani anarudi, lakini siku mbili barabarani ni siku mbili. Amri ni amri, na aliyeitoa alikuwa mtu asiyepingwa. Lakini yeye mwenyewe alimzika mama yake bila kumwona, na hilo halimtoki mtu. Akapiga moyo konde, akaenda uani, akapiga.

Wifi yake, yule binti wa ng'ambo, alisikiliza mpaka mwisho.

"Ini? Wifi, nimemwona Ijumaa. Nimemwona kwa macho yangu."

"Nilimpaka. Ni poda ile, wifi. Ni fondesheni."

"Fondesheni!" Sauti ilipanda. "Mimi nakaa wodini kila siku na wagonjwa wa ini, niwajue, halafu mama yangu nisimjue? Kama mmechoka kumtunza semeni. Mtihani unaanza Jumatatu, wewe ndiyo unaniletea haya?"

"Haki ya Mungu, wifi, njoo."

"Mpelekee simu. Washa video. Sasa hivi, hivyo hivyo alivyo."

Ndicho Msusi alichokuwa anakitaka. Mama alikuwa hajapakwa kitu siku ile. Alikimbia ndani na simu mkononi, kamera ikionyesha dari na kuta, akasukuma mlango.

Bi Sindano alikuwa ameketi. Mto mgongoni, miwani usoni, shali juu ya mikono. Na uso ulikuwa umepakwa.

Dirisha la chumba kile lilifunguka uani. Kila neno lilikuwa limeingia. Na fundi ni fundi: wiki zote zile alikuwa akiitazama mikono ya Msusi kwenye kioo, sasa kazi kaifanya mwenyewe. Poda imetulia. Mdomo umenyooka. Namna alivyojiinua hata kuifikia ile meza yenye vikopo, Mungu ndiye ajuaye.

"Mama!" Wifi aliita kutoka kwenye simu. "Wifi anasema uko mahututi."

"Mimi? Mgongo tu, mwanangu. Uzee."

"Mama," alisema Msusi, "mwonyeshe viganja."

"Viganja vina nini? Nimeiba?"

"Mama, tafadhali."

Shali ilikuwa pale pale, kitambaa chepesi, hakikufungwa popote. Msusi alinyoosha mkono. Vidole vikafika kwenye pindo. Mkono ule ulikuwa umepapasa kila mfupa wa uso wa mama huyu, lakini uso aliazimwa, na shali hakuazimwa. Bi Sindano alimtazama kupitia vile vioo vya kahawia. Hakujisogeza. Msusi akaurudisha mkono.

"Ona aibu, wifi," alisema binti kwenye simu, na alikuwa analia kwa hasira. "Nikimaliza mtihani nakuja, tutaongea mimi na wewe. Mama, pumzika. Umependeza, Mama." Akakata.

Nje mtu alikuwa anamwaga maji.

"Hajaona," alisema Bi Sindano. Safari hii hakuwa anauliza.

Machozi yalianza chini ya miwani, yakashuka yakichora mistari kwenye poda. Msusi alikuwa hajawahi kumwona analia. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, kwani ulitaka aone?"

"Kila Ijumaa nilisema, leo ataona. Nimezaa muuguzi." Alipumua kwa taabu. "Nikimwita mimi, nimemharibia masomo yake, na maisha yote atakuwa anajua nilimwita. Lakini akiona mwenyewe, akaja mwenyewe... hilo si kosa la mtu."

"Sasa leo kwa nini umejipaka?"

"Kiburi. Nilisikia anasema hivyo nilivyo. Nikaona siwezi kuonekana hivyo nilivyo." Akafumba macho. "Nikasema, nitakaa hapa nimejipamba, na mkwe ataivuta hii shali. Nilikuwa nangoja uivute. Ungeivuta, ningekuachia."

Msusi alilaza paji la uso kwenye godoro, na baada ya muda akasikia kitu kizito kichwani. Ulikuwa mkono wa Bi Sindano, umetoka wenyewe chini ya shali.

Jioni ile Bi Sindano alikubali kufutwa uso. Kisha akavikunjua viganja vyote viwili juu ya shuka, akasema, "Piga picha." Msusi alipiga, akaituma, akapiga simu, akapiga tena. Wifi hakupokea, halafu simu ikazimwa kabisa. Mtu anayejiandaa na mtihani huzima simu, na mtu aliyekasirika huzima mapema zaidi. Dereva naye alipiga kutoka barabarani mpaka chaji ikaisha. Picha ilibaki na alama moja ya kijivu, haijafika kwa mtu.

Bi Sindano alikufa Jumanne mchana, mwanawe wa kiume akiwa ameshafika na Msusi amemshika kidevu, kwa vidole viwili, kama alivyozoea. Picha ilifunguliwa Ijumaa, binti alipotoka kwenye chumba cha mtihani akawasha simu.

Alifika kaburi bado bichi. Msusi alijiandaa kutukanwa, akaona afadhali atukanwe. Lakini Wifi aliingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akaketi kwenye kitanda kilichotandikwa, akatoa simu yake. Alikuwa amehifadhi picha kutoka zile simu za Ijumaa. Alizipitisha moja moja kwa kidole, akaikuza kila moja mpaka ikawa ukungu mtupu, akitafuta.

"Nitafaulu," alisema bila kuinua macho. "Swali moja lilikuwa la dalili za ini. Niliandika kurasa mbili." Akakuza picha nyingine. "Mimi ni muuguzi, wifi. Nilipaswa kuona."

Kulikuwa na maneno ambayo Msusi angeweza kuyasema: nilikuambia. Kulikuwa na mengine mabaya zaidi, kwamba mama yako alikuwa anangoja, kila Ijumaa alikuwa anangoja. Hayo aliyameza, na anayo mpaka leo. Aliketi kitandani kando ya wifi yake, akaichukua simu mikononi mwake, akaizima.

"Usingeona," alisema. "Nilimpaka vizuri."

Wifi alimwegemea begani akalia, na Msusi akamwacha alie mpaka giza likaingia.