Leo Ni Kupe Tu

Walubengo wa Bokoli, daktari wa mifugo, alijua kuhutubia, hilo hakuna wa kumnyima. Kilichomtoa jasho ni maswali. Mwaka wa themanini na tano, katika baraza moja karibu na Bungoma, mzee fulani alimuuliza jambo asilolijua, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo, kila alipotumwa kufundisha wafugaji, alifika mapema akagawa maswali kwa watu wachache. Nao waliyauliza vizuri, kama watoto wanaokariri aya kanisani.

Siku hiyo huko Endebess mada ilikuwa kupe na josho. Kemboi aliuliza swali alilopewa, Nderitu akauliza lake, na Walubengo akajibu mkono mmoja mfukoni kama waziri. Ndipo mama mmoja, Jerop, akasimama nyuma, mkono juu. Alikuwa anahema, kitambaa kimemlegea kichwani.

"Daktari, ng'ombe yangu imefura tumbo tangu asubuhi. Ilikula majani ya mvua. Sasa hata kulala haiwezi, na ni hiyo moja tu niko nayo. Nimekimbia ndio nikuulize..."

"Mama, leo ni kupe tu," Walubengo alimkata. "Mambo ya tumbo ngoja siku ya tumbo, bana!"

Baraza likaangua kicheko. Jerop akaketi.

Na jibu Walubengo alikuwa nalo! Alilijua kuliko yote aliyoyajibu asubuhi hiyo. Lakini aliona mkono asioutarajia, akaruka kujikinga kabla hata ya kusikia. Kile kicheko kilikuwa kitamu, kisha papo hapo kikamchoma. Nitamwita tukimaliza, alijiambia. Walipomaliza, chifu aliyeitisha baraza akamshika mkono: kuku ameiva. Akaenda kula. Akala mpaka mwisho, na mimi simtetei, kwa sababu miguu ya kwenda kwa Jerop alikuwa nayo.

Alifika kwa Jerop jua limeteremka. Wanaume walikuwa wanamchuna ng'ombe nyuma ya nyumba, na ndama wake alikuwa amefungwa karibu na jikoni, analia. Walubengo alijisikia vibaya sana. Alitamani atukanwe, afukuzwe, lolote. Jerop alimletea kiti, akamkaribisha kama mgeni yeyote.

"Daktari, sasa naweza kuuliza?"

"Uliza, mama."

"Ningefanya nini?"

Alishindwa kumtazama. "Ungemnywesha mafuta ya kupikia, kama nusu chupa hivi. Halafu umtembeze polepole, hewa itoke."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mama. Nisamehe."

Jerop aliingia jikoni, akatoka na chupa ya mafuta ya alizeti iliyojaa mpaka shingoni, akamwinulia aione vizuri.

"Kama hii?"