Upana wa Kugeuka

Vumbi la saruji limejaa chumbani mwako, Nouriat, na mwanga wa asubuhi unapita ndani yake polepole. Nimepiga magoti, chaki mkononi, nachora sakafuni: mita mbili na nusu urefu, mita moja na robo upana. Chumba hiki nilikujengea uolewe ndani yake, kama mama yangu alivyonijengea mimi. Hapa pangekaa kitanda chako. Sasa patakaa nyenga wako.

Uliniachia akiwa mpana kama kisahani: samaki bapa wa mito ya mbali, wa maji yasiyo chumvi, macho mgongoni, mwiba mkiani. Mwalimu wako Mfaransa alipofunga mizigo alikupa wewe. Wewe ulipofunga yako ukanipa mimi. Sikuulizwa. Leo ni mpana kama sinia, na tangi lake la kioo ni refu, jembamba, zuri, halimfai. Anageuka kwa shida. Kingo za mwili wake zimeanza kujikunja juu, kama chapati iliyolazimishwa kwenye kikaango kidogo.

Upana, mwanangu. Si kimo. Nyenga anaishi chini, tumbo mchangani, na kina cha goti kinamtosha. Anachotaka ni sakafu: upana mara mbili ya mwili wake, urefu mara nne. Na usipime mwili alio nao. Pima atakaokuwa nao.

Siku hiyo fundi Soulé nilimwachia mistari ile ya chaki, nikaenda sokoni. Niliporudi, kuta zilinifika kifuani.

"Soulé, hiki nini?"

"Birika la kuwekea maji, Mama Nouriat. Birika ni kina. Mvua ikikatika utaniombea dua."

Namwelewa. Mji wetu wa Moroni hauna mto. Kila fundi wetu amefundishwa kujenga ili maji yawekwe, yafunikwe, yakae gizani yasipotee. Lakini anayejua kuweka maji hajawahi kumjengea kiumbe wa kuishi ndani yake.

"Bomoa."

"Nibomoe?"

"Mpaka gotini. Na pembe zizungushe, asijibanze."

Akabomoa, huku akimwomba Mungu anirudishie akili. Jirani yetu Hadjira akachungulia mlangoni, kanga puani kwa vumbi.

"Mama Nouriat, huyo samaki anaoa?"

"Anaoa. Wewe hujaalikwa."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza habari zako, kwa sauti ndogo. Nikamwambia ukweli: simu za Ndzuani, kisiwa uliko, zimekatwa, meli hazivuki, sijui.

Saruji mpya huyatia maji ukali wa chokaa. Nikajaza, nikamwaga. Nikajaza, nikamwaga. Wiki tatu, maji ya mvua, nikichovya karatasi za maabara za kupimia ukali nilizobaki nazo tangu chuo, mpaka ukali ukaisha. Niliyomwaga nilidekia sakafu, maana maji hapa hayatupwi.

Na katika kujaza na kumwaga nikakukumbuka ulivyokuwa humu. Aprili ya mwaka jana, vijana walipopita vichochoroni mwa mtaa wetu wa Badjanani wakiwasaka watu wa Ndzuani kwa kuwa kisiwa chao kimejitenga, na baba yako, Mungu amrehemu, mtu wa Mutsamudu, huko huko Ndzuani. Nilikufungia siku nne. Komeo kwa nje. Hukulia. Ulitembea: hatua tatu, ukuta. Hatua tatu, ukuta. Nilikusikia. Siku ya tano ukapanda meli kwenda kwa shangazi zako Mutsamudu, nami nikabaki nikisema: nimemwokoa, hana hata shukrani.

Upana, mwanangu. Ningejua.

Barua yako imefika juzi, imechakaa kwa kupita mikono ya watu. "Mama, njia ikifunguka nikaja, nitaweza kurudi? Wanafunzi wangu wako huku, chini ya ngome." Nilikasirika. Nikadhani unaiuliza serikali. Nikaisoma tena nikiwa nimesimama, na mara ya tatu nimekaa. Ulikuwa unaniuliza mimi.

Leo nimemtia nyenga. Umeme umekatika, pampu imekufa, kwa hiyo nachota maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu yapate hewa. Nachota, namimina. Mwanzo alilala pembeni kama kitambaa kilichosahaulika. Kisha akainuka. Kingo zake zikajikunjua, moja, halafu ya pili. Akazunguka kote, akafika katikati, akageuka bila kugusa chochote.

Sikulia. Mkono ulikuwa na kazi.

Njoo, Nouriat, siku meli zitakapovuka. Na ukitaka kurudi Mutsamudu, utarudi. Komeo nimeling'oa, na tundu zake Soulé amezijaza saruji iliyobaki. Vumbi limetulia sasa. Mwanga ule ule unaingia, unapiga maji, unapanda darini, na kule juu unatembea, unageuka, unatembea.