Homa Ndani ya Rejeta

Saa moja na nusu asubuhi fundi Rehani aliweka kiganja juu ya rejeta ya lori la Mustapha, akakiondoa upesi kama mtu aliyegusa sufuria jikoni. Lori lilikuwa pale gereji ya Manundu, halijawashwa tangu jana alasiri. Ufunguo alikuwa nao yeye mfukoni, na betri alikuwa ameitoa, imekaa juu ya tofali. Hata hivyo rejeta ilikuwa ya moto.

Alikunywa chai kwanza. Gari sumbufu halichunguzwi kwa tumbo tupu.

Lilikuwa lori dogo la kijani, tani mbili kwenye karatasi na tatu barabarani, la aina ile ya zamani ambayo injini iko chini ya kabini, na abiria wa katikati huikalia kama kuku anavyokalia mayai. Mustapha hushusha nalo kabichi kutoka Vugiri, akazipeleka Handeni, akarudi na mahindi. Kwa wiki tatu sasa lilikuwa linachemsha. Si mlimani tu, ambako kuchemsha ni haki ya gari zee, bali hata tambarare, hata likiwa tupu, na sasa hata likiwa limezimwa.

Rehani alikuwa ameanza na kifuniko cha rejeta, kwa sababu fundi anayeanza na kitu kikubwa ni mwizi. Alikibadilisha, likachemsha. Alikaza mkanda wa feni, likachemsha. Aling'oa themostati akaitupa, jambo ambalo mafundi wa Korogwe hulifanya siku ya kwanza na yeye hulifanya siku ya tatu. Wota pampu aliikuta nzima. Alitafuta mapovu kwenye maji, dalili ya gasketi iliyoungua, hakuona hata moja, na oili haikuwa na weupe. Mara mbili alimwaga maji yote mtaroni, akasafisha rejeta mpaka ikatoa maji ya kunyweka, akajaza mapya ya bomba. Robo saa baadaye, injini haijawashwa, maji yale yalikuwa ya moto.

Mustapha alifika saa mbili, amevaa kanzu safi, akasimama mbali na grisi.

"Mgonjwa anaendeleaje, fundi?"

"Anachemka."

"Nina kabichi Jumanne."

"Kabichi zitasubiri. Hebu niambie, lilianza lini hasa? Usiniambie wiki tatu. Niambie siku."

Mustapha alifikiri. Hakuwa mtu wa kuficha mambo, kwa sababu hakuwahi kuona kwamba ana jambo la kuficha.

"Siku niliyotia maji ya yule Mmasai."

"Maji gani?"

"Ule mlima baada ya Sindeni. Natoka Handeni na magunia thelathini, likachemsha pale chini, kuchemsha kwa kawaida tu. Pembeni kuna mama amekaa na mtoto mapajani, ana nusu dumu ya maji, anachovya kitambaa anampangusa. Akaniambia, mtoto anachemka, nipeleke hospitali. Nikamwambia, basi tuko sawa mama yeyo, na mimi gari langu linachemsha. Nipe hayo maji nikupeleke." Mustapha alicheka kidogo. "Akanipa yote. Hata kitambaa alikikamulia humo humo."

"Halafu?"

"Halafu mlima, bwana. Magunia thelathini, niongeze na watu? Nikamwambia apande kwa miguu, nitamsubiri juu."

"Ukamsubiri?"

"Juu kule nikakuta mshale wa joto umeshuka vizuri. Gari likishapoa usilisimamishe, si wewe uliyenifundisha?"

Ni kweli, Rehani ndiye aliyemfundisha. Alipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Wenzako hutia maji ya chumvi, yakala rejeta," alisema. "Wewe umetia maji ya homa."

"Basi yamwage."

"Nimeyamwaga mara mbili. Homa imeshaingia kwenye chuma."

"Wewe ndiye fundi," alisema Mustapha, akatazama kiwanja cha gereji, ambacho kilikuwa cha baba yake. "Jumanne nakuja kulichukua."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Faudhia, mke wa Rehani, alikuwa na duka la dawa ng'ambo ya barabara. Rehani alivuka, akamweleza: asubuhi linashuka kidogo, alasiri linapanda, na kabla ya kupanda linatetemeka mpaka spana zinaanguka.

"Likiwa limezimwa?"

"Limezimwa."

"Kwa nini hukuniambia wiki ya kwanza? Hiyo malaria."

Alivaa glavu, akaja na kipimo. Alidondosha tone moja la maji ya rejeta, akasubiri robo saa kama maelekezo yalivyosema, huku akimsimulia mumewe habari za jirani. Mistari miwili ilitokea.

"Ana umri gani?" aliuliza Faudhia.

"Mwaka wa themanini na nane."

"Si lori. Mwenye homa."

Rehani hakujua. Faudhia akasema bila umri hatoi dozi, yeye si muuza karanga. Wakafunga mjadala hapo.

Aliyejua alifika saa tisa kasoro, kwa miguu. Alikuwa mwanamke mwembamba, vumbi limempanda mpaka magotini, na kibuyu cha maziwa begani. Kwa siku mbili alikuwa akiuliza watu lori la kijani liko wapi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, yeyo. Karibu."

"Mimi naitwa Taiyo. Hili lori, ndilo?"

"Ndilo."

Alilisogelea. Aliweka mgongo wa mkono kwenye bati la mbele, kisha akauteremsha mpaka pale mpira wa maji unapoingia kwenye rejeta, mahali pa shingo, akauacha hapo.

"Bado," alisema.

Rehani alimletea stuli. Taiyo alieleza kwa Kiswahili kifupi, akitazama chini. Mtoto alifia juu ya mlima, mahali walipoambiwa watasubiriwa. Walimzika bomani. Lakini udongo wake haukupoa. Majani yaliyokuwa juu yake yalikauka, na asubuhi mbuzi walikuwa wakienda kulala pale kuota joto. Wazee walisema mtoto hajapumzika, bado anaumwa mahali fulani.

"Nataka apone," alisema Taiyo. "Hilo tu. Apone, alale."

"Alikuwa na miaka mingapi?" aliuliza Faudhia.

"Minne. Mvua zikija, mitano."

"Jina? Naandika kwenye pakiti."

"Jina lake halisemwi tena."

Faudhia aliandika: Lori. Chini yake akaandika vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, siku tatu.

Walitia vidonge viwili vya kwanza saa tisa na nusu, vikiwa vimesagwa. Dakika kumi baadaye kifuniko cha rejeta kiliruka, maji yakamwagika hadi kwenye viatu vya Rehani.

"Ametapika," alisema Taiyo. "Hajala kitu. Dawa hii ni ya maziwa."

"Maziwa hayaingii kwenye rejeta, yeyo. Yataganda, yazibe vijia vyote. Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii."

"Bila maziwa anatapika."

"Mama anasema kweli," alisema Faudhia. "Inataka mafuta. Na akitapika kabla ya nusu saa, anarudia."

"Mtaniletea siagi kesho," alisema Rehani. Lakini alishika faneli, Faudhia akatia vidonge vingine viwili vilivyosagwa, na Taiyo akamimina maziwa kutoka kwenye kibuyu, nusu kikombe, polepole, akiimba kitu kwa Kimasai kwa sauti ya chini. Rehani alifunga kifuniko, akakikalia. Safari hii dawa ilikaa.

Taiyo hakutaka kwenda kulala nyumbani kwa Faudhia. Alikaa ndani ya kabini, kwenye kiti cha katikati, juu ya injini. Jumamosi Mustapha alipita, akamkuta. Hawakusalimiana.

"Fundi, huyu asinichafulie kiti."

"Anauguza."

"Auguze, lakini atandike kitu."

Taiyo alivua shuka moja, akaitandika chini yake.

Jumamosi alasiri mtetemeko ulikuja, lakini mfupi. Jumapili asubuhi lori lilitoka jasho. Lilikuwa jua kali la kiangazi, nchi nzima kavu, na bati lile la kijani lilikuwa linachuruzika, kuanzia paa la kabini hadi kwenye taa. Taiyo alilipangusa kwa kitambaa, kila mahali, hata nyuma ya vioo. Wateja waliokuja na pikipiki zao walimwuliza Rehani linaoshwa na nani. Aliwaambia linapona.

Jumatatu asubuhi Rehani alitia vidonge vya mwisho. Jumanne saa kumi na mbili na nusu aliweka kiganja juu ya rejeta, akakiacha hapo muda mrefu. Ilikuwa baridi. Alirudisha betri, akawasha. Injini iliunguruma bila kutetemeka, mshale ukapanda hadi katikati, ukakaa.

Simu ya Taiyo ililia. Ilikuwa shemeji yake kutoka bomani. Walizungumza kidogo, kisha Taiyo akairudisha simu ndani ya shuka.

"Anasemaje?" aliuliza Rehani.

"Umepoa. Anasema leo udongo una umande, na mbuzi wameondoka."

Rehani alisema alhamdulillah. Kisha akazima injini.

Mustapha alikuja saa moja. Aliwasha mwenyewe, akakanyaga mafuta, akatazama mshale kwa muda kama mtu anayemngoja mwongo ateleze. Mshale haukuteleza. Alishuka anatabasamu.

"Ilikuwa nini?"

"Malaria."

"Malaria tu?"

"Malaria tu."

"Umetumia nini?"

Rehani alimpa pakiti tupu. Mustapha aliigeuza, akasoma mbele, akasoma nyuma. Ilikuwa pakiti ile ile ya dozi ya watoto inayotolewa kwenye zahanati, yenye picha ya mtoto ameshika kikombe. Taiyo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, anakunja shuka aliyoitandika.

"Kumbe kitu kidogo hivi," alisema Mustapha. "Wiki tatu nahangaika. Ningejua, si ningempa siku ile ile?"

Aliitupa pakiti kwenye pipa la matambara.

"Unakwenda Handeni," Taiyo alimwambia. Hakuwa anauliza.

"Leo napanda Vugiri kupakia. Handeni kesho."

"Nitasubiri kesho. Unishushe mlimani."

"Kesho nitakuwa nimejaza, yeyo."

"Kiti cha katikati?"

"Pale naweka tenga la nyanya. Zikikaa nyuma zinapondeka."

Rehani alikuwa na neno. Lilifika mpaka kwenye meno. Alitazama kiwanja, vibanda vyake viwili na shimo la kukagulia magari ambalo alilichimba kwa mikono yake kwenye ardhi ya mtu mwingine, akainama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka.

Taiyo alitundika kibuyu begani. Aliweka kiganja juu ya bati la lori, mara moja, akakiondoa. Kisha akamuaga Faudhia, akaifuata barabara ya Handeni.

Kesho yake saa saba simu ya Rehani iliita. Alikuwa chini ya gari jingine, akaipokea kwa bega.

"Fundi," alisema Mustapha, na nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inavuta vizuri, sauti moja, haikati. "Nimeupita ule mlima wa Sindeni na mzigo kamili. Mshale haujatikisika. Wewe ni fundi, bwana. Nitakusifia kila mahali."

"Yule mama umemwona?"

"Nimemkuta mlimani hapo, anatembea katikati ya njia kama barabara ni yake. Nimempigia honi."

"Halafu?"

"Halafu nini? Akasogea."